Sura ya Tisa: Kisogo cha Dunguni

Agnella aliijua sauti ya Tamimu kabla hajaujua uso wake. Ndivyo ilivyo katika mbuga ya mpunga ng'ambo ya Kivukoni msimu wa ndege ukifika. Watu wanahamia juu ya madungu, kila mmoja kwenye jukwaa lake la miti katikati ya shamba lake, na kati ya dungu na dungu ni mpunga mtupu mpaka jicho lichoke. Uso wa jirani ni doa chini ya kofia. Sauti yake, hata hivyo, unaijua kama unavyoujua mlango wa kwenu unavyolia.

Na sauti ya Tamimu, jamani, haikuwa sauti ya kusahaulika. Nzito, tulivu, haina papara. Mara ya kwanza ilipompata alikuwa na kombeo mkononi, udongo wa kurushia uko tayari, na sauti ikaja juu ya mpunga ikisema, "Mzee Dionisi, wanakuja kwako." Badala ya kutazama ndege, yeye akatazama sauti ilikotoka. Ndege wakala. Baba yake akamuuliza kama amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa macho kuliko siku zote alizowahi kuishi.

Kwa asiyekaa mbuga ile, kuita huko si salamu. Ndege hawa, kweleakwelea, ukiwafukuza hawaendi mbali. Wananyanyuka shamba hili na kushuka shamba la pili, maelfu kwa maelfu, na mpunga ulio kwenye maziwa, punje bado laini, wanaumaliza kabla sufuria ya uji haijachemka. Kwa hiyo aliyewafukuza ana wajibu wake. Anageuka, anamtazama jirani wanakoelekea ndege, anamwita kwa jina na kumwambia wanakuja. Jirani anajibu, "Nimepokea," anasimama na kuanza kazi. Wanaita kupeana sauti. Mtu anaweza kukunyima mbegu, anaweza kukunyima hata moto wa kuwashia jiko, lakini sauti hanyimwi mtu.

Isipokuwa Tamimu. Yeye alikuwa akinyimwa tangu Jumapili, na aliyemnyima ni Mzee Dionisi, baba yake Agnella.

Kosa lilikuwa chai. Tamimu alikuwa mtoto wa mwenye duka pale Kibaoni, watu wa asili ya Pangani, Waislamu wa siku nyingi, familia ambayo haikuwahi kushika jembe ila kwa kuliuza. Msimu ule kijana akaamua kulima, akakodi shamba linalopakana na la Mzee Dionisi, na watu wakacheka mpaka walipouona mpunga wake. Wiki kadhaa alizungumza na Agnella kwa kuitana juu ya mashamba, kisha kwenye bomba la maji, kisha kwa macho tu, ambayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote. Jumapili ile Agnella alikuwa peke yake dunguni na sauti ilikuwa imemkauka. Tamimu alipoona kimya kimezidi akadhani binti kaanguka. Akaja mbio juu ya tuta na chupa ya chai ya tangawizi, akapanda ngazi.

Hapo ndipo ugeni ulipomponza. Dungu ni nyumba isiyo na ukuta. Mwanamume hapandi dungu alilokaa binti wa mtu, hata kama linaungua moto. Anasimama chini na kuongea akiwa chini. Mbuga nzima iliona vichwa viwili mahali palipotakiwa kuwa na kimoja. Mzee Dionisi, akitoka mtoni na kambare wake kwenye waya, aliona pia.

"Shikamoo, mzee," Tamimu alisema, akishuka haraka hadi akakosa ngazi moja.

Mzee Dionisi hakuitikia. Wala hakufoka, na afadhali angefoka. Alimtazama kijana tangu kofia hadi viatu, kisha akageuka taratibu, mwili mzima, mpaka kilichobaki upande wa Tamimu kikawa kisogo chenye mikunjo mitatu na mvi chache. Akasimama hivyo hivyo mpaka kijana alipoondoka.

Jioni ile ndege wakarudi kutoka kwenye mashamba ya juu, wakashuka kwa Tamimu kwanza. Akawafukuza. Wakanyanyuka kuelekea kwa Mzee Dionisi. Agnella alishika kombeo akijua kwamba safari hii hakuna atakayewaambia. Nani angewaambia?

"Mzee Dionisi, wanakuja kwako."

Sauti ile ile. Haikuwa na kinyongo ndani yake, wala kujipendekeza. Baba yake alirusha udongo kimya, hakujibu. Kwenye shamba la tatu Minza, mama wa Kisukuma mwenye mdomo mkubwa kuliko shamba lake, aliacha kupiga debe kabisa. "Huyu kijana kaumbwa na nini huyu?" alisema, na kwa kuwa Minza hajui kunong'ona, watu wote walimsikia.

Agnella naye alijiuliza hivyo hivyo. Alijiuliza usiku, akajiuliza asubuhi akiwa amekaa alivyoamriwa na baba yake, yaani akitazama mto, kisogo kwa Tamimu.

*

Alhamisi saa za joto, ndege wakiwa wamejificha kwenye matete, Agnella alikwenda bombani na dumu lake. Tamimu alikuwa pale. Alikuwa ameshajaza madumu yake mawili, na hakuonekana kuwa na haraka ya kuyabeba.

Agnella alimpita. Aliweka dumu chini ya bomba, akamgeuzia mgongo, akaanza kupampu.

"Maji leo yanatoka kidogo kidogo," Tamimu alisema.

Mpini ukaendelea kupanda na kushuka.

"Sawa. Nitaongea na kisogo, nimeshakizoea. Kuna kakovu kadogo hapo kushoto, chini ya nywele. Ulianguka?"

Mpini wa bomba ulisimama. "Tetekuwanga," Agnella alisema, akilitazama dumu. "Nilikuwa mdogo."

"Nilikuwa najiuliza tangu juzi, uliponipita hapa bombani."

"Umekitazama kiasi hicho?"

"Ningetazama nini kingine? Baba yako amekugeuza tangu Jumapili. Hakuna mchumba Ifakara nzima anayeijua shingo ya mwenzake kama ninavyoijua hii."

Agnella alijitahidi asicheke. Alishindwa, na mtu akishacheka hawezi kuendelea kununa kwa heshima. Akageuka. Ilikuwa siku ya nne hajamtazama kwa karibu. Alikuwa amekonda. Midomo imepasuka kwa jua, na macho yamekuwa mekundu kwa kuamka alfajiri, lakini yalipotua usoni kwake hayakuhama.

"Niambie kitu," Tamimu alisema. "Kwetu sisi kumpa mtu kisogo ni kumpita njiani kama hujamwona. Mtu ananuna, mnakutana msibani, mnapeana mikono, yamekwisha. Nimemsalimia baba yako kila asubuhi. Nimempelekea salamu kwa Minza. Hiki cha kwake ni kisogo gani?"

"Hiki ndicho chenyewe. Nyie mmechukua jina tu."

"Chenyewe vipi?"

Agnella aliangalia njia. Hapakuwa na mtu. Akakaa juu ya dumu, naye Tamimu akachuchumaa mbali kidogo, umbali wa adabu.

"Babu yangu mzaa baba ndiye aliyenisimulia," alianza. "Alisema neno hili lilizaliwa hapa, juu ya madungu. Zamani kulikuwa na ndugu wawili wanalima kwa kupakana, kama sisi na wewe. Mkubwa Tadei, mdogo Kasmiri. Wakagombana."

"Kwa sababu gani?"

"Babu alikuwa anabadilisha. Kuna siku ilikuwa mwanamke, kuna siku ilikuwa mbwa. Akinywa pombe ilikuwa mwanamke."

Tamimu alitabasamu, lakini hakumkatiza.

"Asubuhi moja ndege wakanyanyuka kwa Tadei. Kasmiri alikuwa dunguni kwake kainama, anafunga kamba ya kombeo. Tadei akaona wanakoelekea. Akafungua mdomo amwite mdogo wake. Kisha akaufunga, akageuka. Kasmiri alipoinua kichwa, cha kwanza kuona ni kisogo cha kaka yake. Cha pili ni ndege."

"Ikawaje?"

"Jioni yalibaki mabua. Kasmiri akachukua mke na watoto wake wakavuka mto, na hawakuonekana tena. Tadei yeye aliishi mpaka akazeeka. Babu alisema, kila ndege walipokuwa wananyanyuka, yule mzee alikuwa anageuka upande ule kuita, na upande ule hakuna mtu. Anaita shamba tupu." Hadithi ile ilikuwa inamtisha tangu utotoni, na sasa ilikuwa imekaa mbele yake na midomo iliyopasuka. "Ndipo watu wakaanza kusema, fulani kampa mwenzake kisogo. Siyo kwamba hakumsalimia. Kwamba amewaona ndege, akageuka."

"Ni kweli hiyo?"

"Babu alikuwa fundi wa kuongeza chumvi. Mimi sijui. Lakini baba yangu anaamini kila neno."

Tamimu alichukua jani kavu la mpunga, akalivunja vipande vipande. "Kumbe hajanuna. Anataka nivuke mto."

"Anataka uvuke mto."

"Basi anakaribia kufanikiwa." Alisema bila hasira. "Upande wa kwenu wa shamba langu wameshaula. Asubuhi siwaoni wakitoka kwenu, ukungu unakuwa mzito. Baba aliniambia, lima msimu huu mmoja, ukivuna nitajua wewe ni mkulima, ukikosa utakwenda Tanga kwa baba yako mdogo kusimamia duka. Ameshampigia simu. Mpunga ukiisha, Agnella, mimi sina cha kunibakiza huku."

Maneno yale yaliingia polepole. Tanga. Agnella hakuwahi kufika Tanga, na sasa aliichukia kama mtu anayemdai.

"Mbona basi bado unamwita?" aliuliza.

"Nani?"

"Baba. Kila jioni. Hajibu, anakugeuzia shingo, na bado unamwita. Wewe ungekaa kimya jioni moja tu, mngekuwa sawa."

Tamimu alimtazama kana kwamba swali lile lilikuwa la kitoto. "Mpunga ule ndio mnaokula wewe na mama yako. Nikae kimya ulale njaa kwa ajili ya shingo ya baba yako?"

Kuna watu Agnella aliowafahamu waliosali kila siku, baba yake akiwa wa kwanza wao, ambao wasingeweza kufanya jambo lile siku mbili mfululizo. Alimtazama kijana wa dukani aliyechuchumaa kwenye tope, na akajikuta anamwogopa kidogo, jinsi mtu anavyoogopa mto uliojaa hata kama haujamfikia miguuni. Alimpenda kabla ya hapo. Alilijua hilo. Lakini kabla ya hapo alikuwa hajajua ni nani anayempenda.

"Kesho asubuhi wakitoka kwetu nitakuita," alisema.

"Hapana."

"Tamimu."

"Sikuombi hilo, na nataka ulielewe. Ukiniita kwa jina, baba yako akiwa kando yako na yeye ameniacha, mbuga yote itasikia. Hiyo haitakuwa sauti ya ndege tena. Utakuwa umechagua mbele za watu. Sitaki unichague kwa sababu ya ndege." Alisimama, akainua madumu yake mawili, akaongeza akiwa ameshageuka kuondoka, "Ingawa nikikuficha kwamba ningefurahi nitakuwa mwongo."

*

Jioni Agnella na wazazi wake waliokota kuni, wakala wali na kambare nje ya banda la shamba, milima ya Udzungwa ikiwa ya bluu kwa mbali. Mama yake, Yosefina, alikuwa amekuja kutoka nyumbani Kibaoni na chumvi na sabuni. Ndege walikuwa wameshalala. Dakika chache kabla ya hapo sauti ya Tamimu ilikuwa imewaonya tena, na tena haikujibiwa.

"Ulichelewa bombani," baba yake alisema.

"Kulikuwa na foleni, baba."

"Foleni ya watu wangapi? Mmoja?"

Mama Yosefina aliinamisha uso kwenye sahani. "Baba Agnella, kijana wa watu amekuita tena leo. Ameokoa upande mzima wa mtoni."

"Sikumtuma."

"Wala hukumkataza."

Mzee Dionisi alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani kwa uangalifu. "Mnadhani namchukia. Ningemchukia ingekuwa rahisi. Nasema hivi. Huyu nilimbeba mgongoni kwenda kubatizwa, mvua inanyesha, barabara imekatika, tunapita kwenye maji ya kiuno. Hapo nikamweka juu ya kichwa. Leo mtu anakuja kumpandia dunguni mchana kweupe, na kesho atamwambia abadili dini, na mjukuu wangu ataitwa jina ambalo sijui kulitamka."

"Hajaniomba nibadili kitu, baba."

"Hajaomba bado."

"Alileta chai."

"Chai ndiyo huanza."

Mama Yosefina alicheka kwa sauti, akajizuia kwa kukohoa. Hata mzee alitaka kutabasamu. Agnella aliona mdomo ukichezacheza. Kisha ukatulia, na alichosema baada ya hapo alikisema kwa upole, na upole ule ndio uliotisha.

"Kesho ndege wakielekea kwake, wewe kaa. Ukisimama ukamwita, usijisumbue kugeuka tena huku kwangu. Ninachompa yeye nitakupa na wewe. Na unajua mimi si mtu wa siku mbili."

Alijua. Alikuwa na shangazi aliyekuwa akiishi Mngeta ambaye baba yake hakuwa amemtazama usoni tangu Agnella akiwa darasa la kwanza. Hakuna aliyekumbuka sababu, na bado hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake mezani.

*

Asubuhi ukungu ulitoka mtoni ukalala juu ya mpunga kama shuka. Madungu yalionekana yanaelea. Agnella na baba yake walikaa bega kwa bega bila kuzungumza, yeye na kombeo, mzee na debe, na mama alikuwa chini anachochea uji.

Walisikika kabla ya kuonekana. Kwanza ni kama mvua inayotembea mbali. Kisha matete ya mtoni yakatikisika yote kwa pamoja, na ndege wakatoka.

Agnella alizaliwa mbuga ile na kila mwaka aliwaona, na kila mwaka alisahau. Walikuwa wengi kuliko akili inavyotaka kukubali. Walipaa wakafunika jua lililokuwa linachomoza, wakajikunja, wakafunguka, wakageuka wote kwa mara moja bila kiongozi, na upepo wa mabawa yao ukafika usoni pake ukiwa wa baridi. Hata baba yake alishusha debe akatazama. "Mungu wangu," alisema, taratibu, kama mtu aliye kanisani.

Kisha wakashuka, na kutazama kukaisha. Agnella alirusha udongo mpaka bega likawaka. Mzee alipiga debe na kupiga kelele, mama naye chini akapiga sufuria, mikanda ya kaseti iliyofungwa juu ya mpunga ikavuma. Ndege wakasita. Wakanyanyuka. Wingu lote likainama upande mmoja, likaelekea kwa Tamimu.

Agnella aligeuza kichwa kidogo, kwa kuiba. Ukungu ulikuwa umepasuka pale katikati, akamwona. Hakuwa dunguni. Alikuwa ukingoni mwa shamba, ameinama, anaunganisha mkanda uliokatika usiku, mgongo wake upande wa ndege. Hakuwa na habari yoyote.

"Kaa," baba yake alisema. Yeye alikuwa ameshageuka, anatazama mto.

Akakaa. Nasema kweli, alikaa. Aliwaza shangazi wa Mngeta. Aliwaza mgongo uliombeba juu ya maji. Alimpenda baba yake, na mapenzi yale hayakuwa madogo kuliko hayo mengine, na ndiyo maana hakusimama. Ndipo akakumbuka yule mzee wa hadithi anayeita shamba tupu, akajiona yeye mwenyewe, bibi kizee, akigeuka kila msimu kuelekea upande ambao hakuna mtu.

Akasimama. Akageuka mwili mzima.

"Tamimuuu! Wanakuja kwako! Tamimu, simama, wanakuja!"

Hakujua kama ana sauti kubwa kiasi kile. Ilipita juu ya mpunga, ikagonga ukungu, ikarudi. Kijana alinyanyuka kama aliyechomwa. Hakutazama ndege. Alimtazama yeye, na hata kwa umbali ule, hata akiwa doa tu chini ya kofia, Agnella aliona alivyosimama. Kisha akakimbilia debe lake.

Madebe yote yalikuwa yamesimama.

"Tumepokea," Minza aliitikia kutoka shamba la tatu, kwa niaba ya watu wote.

Agnella alimgeukia baba yake. Palikuwa na kisogo. Mikunjo mitatu, mvi chache, na kola ya shati ambayo yeye mwenyewe aliishona Jumamosi.

"Baba."

Akamgusa ile kola.

"Baba, yuko peke yake kule. Hawezi kuwamaliza."

Kisogo hakikutikisika. Sasa alijua Tamimu alichokuwa akikinywa kila asubuhi, na alishangaa kwamba mtu anaweza kukinywa na bado akasema shikamoo. Alishuka ngazi akiwa haoni vizuri kwa machozi. Chini, mama yake alikuwa amesimama na sufuria ya kupigia. Akaitia mikononi mwake pamoja na mwiko.

"Nenda," Mama Yosefina alisema kwa sauti ya chini. "Lakini usipande dungu lake. Piga ukiwa chini. Watu wana macho."

Alikimbia juu ya tuta, umande ukimlowesha hadi magotini. Alipofika ndege walikuwa wametanda upande mzima wa mashariki, mpunga umelala kwa uzito wao. Tamimu alikuwa juu ya dungu anapiga kama mwendawazimu.

"Rudi," alisema alipomwona. "Agnella, rudi, baba yako anaona."

"Haoni. Ameshanigeuzia."

Mkono wa Tamimu ulibaki hewani na fimbo yake. Alielewa yote kwa neno lile moja, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa kitu kikubwa mno kuliko mikono yake.

"Sitalisahau hili," alisema. "Maisha yangu yote sitajifanya kama hukunipa."

"Piga debe, Tamimu."

Walipiga. Yeye juu, Agnella chini, wakigawana shamba bila kuambiana. Kundi la kwanza likanyanyuka, likaenda kwa Minza, na Tamimu akageuka akamwita Minza kwa jina. Nusu ya upande wa mashariki ilikuwa imebaki. Zaidi ya nusu. Agnella aliinama akishika magoti, akivuta pumzi, na hapo akasikia tena ile mvua inayotembea.

Kundi la pili lilitoka kwenye matete. Lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Lilishuka kwa baba yake, aliyekuwa amebaki peke yake dunguni na debe moja, na ukungu ukalifunika shamba lile lote. Walisikia debe likilia, kwa haraka, bila kupumzika. Kisha likanyamaza, na hiyo maana yake ni moja tu. Wamenyanyuka.

Upande gani? Kutoka pale walipo hawakuona kitu. Wangeweza kuja huku, wangeweza kwenda kule, na aliyekuwa anajua ni mtu mmoja, aliye juu, anayewaona.

Agnella alihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe, kisha akaacha kuhesabu. Alifunga macho. Alikuwa radhi kwa lolote, isipokuwa kimya kile.

Ukungu ukafunguka kidogo. Akaliona dungu la kwao, na juu yake mtu amesimama wima. Hakuona mgongo. Aliona uso.

"Tamimu."

Ilikuwa sauti ya mzee iliyokauka, ya mtu anayetamka jina kwa mara ya kwanza na hana hakika nalo. Ikaja tena, sasa kwa nguvu, juu ya mpunga wote.

"Tamimu, wanakuja kwako. Upande wa mtoni, wengi. Mwambie huyo mtoto asogee kushoto."

Mbuga ilisubiri jibu. Tamimu alikuwa amefungua mdomo, lakini hakuna kilichotoka. Kijana aliyewaita watu wote siku zote hizo hakuwa na sauti.

"Jibu," Agnella alimwambia kutoka chini, akilia na kucheka. "Anasubiri. Jibu."

"Nimepokea," Tamimu alisema. Sauti ilimkatika. Akairudia, ikafika. "Nimepokea, baba."

Agnella alisogea kushoto, kama alivyoambiwa, na ndege wakawafikia.